Hongera ya Mapacha Apewe Nani?

Mwishoni mwa mwaka jana nilisafiri hadi Mwanza kumwona mdogo wangu aliyejifungua mapacha, mtoto wa kiume na wa kike. Wageni walikuwa wengi kuliko viti. Nilikaa karibu na mlango na kufanya kazi ambayo watu wa taaluma yangu huifanya hata wasipotumwa na mtu: kuhesabu. Katika muda wa saa moja na nusu, wanaume kumi na watatu walimpa mkono shemeji yangu na kumpongeza kwa maneno yenye maana ile ile, kwamba yeye ni dume kwelikweli, amepata wawili kwa mpigo mmoja. Shemeji, ambaye ni mtu mnyenyekevu, alikuwa akicheka na kuinamisha kichwa. Mdogo wangu alikuwa chumbani na mshono wa upasuaji, mtoto mmoja akinyonya na mwingine akilia kungoja zamu yake. Waliomfuata kule chumbani walimpa pole.

Mume alipewa hongera, mke akapewa pole. Nilirudi na jambo hilo hadi chuoni, na nimekuwa nikilitafakari tangu siku hiyo, kwa sababu naamini mgawanyo huo wa maneno umebeba kosa la kisayansi ambalo lina gharama. Gharama yenyewe haihesabiwi kwa fedha peke yake.

Nina sababu binafsi pia. Vyeti vyangu vya shule vina jina la ubatizo, lakini nyumbani naitwa Shija. Msukuma yeyote akilisikia jina hilo anaijua nusu ya habari zangu kabla sijafungua mdomo. Pacha anayetangulia kutoka huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao, katika mimba nyingine, ndiye Shija. Watu wa pwani hutamka Kurwa, na ndivyo Muhammad Saleh Farsy alivyoliandika katika jina la kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu maisha ya kijijini Unguja.

Kulwa na Doto wangu sikuwakuta. Walizaliwa katikati ya miaka ya 1970 katika zahanati moja ya kijijini, na mkunga alitambua kwamba kuna mtoto wa pili baada ya wa kwanza kutoka na tumbo kubaki limeinuka. Kulwa aliishi siku tisa. Doto alijitahidi mpaka msimu wa kuvuna pamba. Mama hana picha yao, na hakuna daftari la serikali ambamo mtu anaweza kwenda kuyasoma majina yao. Alichobaki nacho ni jina langu. Kila anaponiita, anawataja na wao kwa njia ya mzunguko.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Doto. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, naye alizaa mapacha. Sasa ni mdogo wangu. Upande wa baba sijapata kusikia hata jozi moja. Kwa hiyo ninaposema kwamba jambo hili lina ukoo, sisemi kwa kubahatisha, ingawa ukoo mmoja haujawahi kuthibitisha nadharia yoyote.

Nitangulize angalizo. Udaktari wangu ni wa sosholojia. Nikiwa hospitalini huwa ninauficha, maana niliwahi kuombwa nimwangalie mgonjwa. Lakini sayansi ya mapacha si ngumu kiasi kwamba raia aliyesoma asiweze kuielewa, na nadhani watumishi wa umma wanaopanga bajeti na wanafunzi wanaobishana vibarazani wanaistahili.

Mapacha ni wa aina mbili. Wapo wa yai moja: yai limerutubishwa na mbegu moja, kisha katika siku za mwanzo likagawanyika na kuwa watoto wawili wanaofanana kwa karibu kila kitu. Hawa hutokea takriban mara 4 katika kila uzazi 1,000, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya Oslo, Tokyo na Tabora. Kwa kawaida hawafuati ukoo. Ni jambo la kutokea tu, na hakuna ukoo wenye haki ya kujisifia wala wa kulaumiwa.

Aina ya pili ni mapacha wa mayai mawili. Mwanamke amepevusha mayai mawili katika mzunguko mmoja, na kila yai limekutana na mbegu yake. Watoto hawa ni ndugu kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja, isipokuwa wamesafiri katika chombo kimoja. Wanaweza kufanana au kutofanana kabisa, na wanaweza kuwa wa jinsia tofauti kama hawa wa mdogo wangu. Aina hii ndiyo inayotofautiana sana kati ya jamii na jamii, na ndiyo yenye urithi ndani yake.

Sasa tujiulize, ni nani anayeamua mayai mangapi yapevuke? Ni mwili wa mwanamke. Ubongo hutoa homoni inayochochea ovari kukomaza mayai, na homoni hiyo ikiwa juu, au ovari zikiwa nyepesi kuiitikia, yai la pili hupata nafasi ya kupevuka pamoja na lile la kwanza. Kwa upande wa mwanamume, mbegu zake kwa mara moja huwa ni mamilioni. Upungufu wa yai la pili ndio unaotuzuia sote tusiwe mapacha, na yai hilo haliitwi na udume wa mtu yeyote. Wale wageni kumi na watatu walimpa mkono mtu asiyehusika. Samahani, shemeji.

Hata hivyo, mwanamume ana nafasi yake katika urithi huu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza baada ya kipindi kama ni kweli kwamba mapacha huruka kizazi. Nilimjibu kwa kutumia familia yangu. Mwelekeo wa kupevusha mayai mawili hurithiwa kutoka kwa baba kama unavyorithiwa kutoka kwa mama, ila hauwezi kujionyesha katika mwili usio na ovari. Mimi, mtoto wa mama aliyezaa mapacha, huenda ninao. Mke wangu amezaa watoto watatu, mmoja mmoja, na hakuna chochote ndani yangu ambacho kingeweza kubadili hesabu hiyo. Lakini binti yangu, aliye kidato cha pili, anaweza kuwa amepokea kutoka kwangu kile nilichopokea kwa mama. Siku akizaa mapacha, watu watasema wameruka kizazi. Hawakuruka. Walipitia kwa mwanamume ambaye hakuwa na mahali pa kuwaonyesha.

Kwa hiyo ile kauli ya mitaani kwamba mapacha ni wa upande wa mama tu ni nusu ya ukweli. Mama ndiye anayeamua kama mimba hii itakuwa ya wawili, lakini kile alicho nacho anaweza kuwa alikipata kwa baba yake, aliyekipata kwa mama yake. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake amezaa mapacha wa mayai mawili ana uwezekano wa takriban mara mbili kuliko wengine. Nasisitiza neno uwezekano, kwa sababu wanafunzi wangu wengi hulisikia kama ahadi. Tuchukue kiwango cha mapacha 17 kwa kila uzazi 1,000, ambacho ndicho wastani unaokadiriwa kwa Afrika. Ukikizidisha mara mbili unapata 34. Maana yake ni kwamba hata katika ukoo wenye mapacha, zaidi ya mimba 960 kati ya 1,000 zitakuwa za mtoto mmoja.

Na urithi haufanyi kazi peke yake. Umri unahusika: ile homoni hupanda kadiri mwanamke anavyokaribia miaka 40, na uwezekano huwa wa juu zaidi katikati na mwishoni mwa miaka ya thelathini. Idadi ya mimba zilizotangulia inahusika. Kimo na uzito vinahusika. Mdogo wangu alikuwa na miaka 37, mimba ya nne, mama aliyezaa mapacha na bibi aliyekuwa Doto. Mtu mwenye karatasi na kalamu angeweza kumtilia shaka tangu mwezi wa tatu. Hakuna aliyefanya hivyo, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Mahali palipojulikana zaidi duniani kwa mapacha ni Igbo-Ora, mji wa Wayoruba katika jimbo la Oyo, kusini magharibi mwa Nigeria. Katika miaka ya 1960 na 1970, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ibadan aitwaye Nylander alionyesha kwamba katika eneo hilo jozi za mapacha zilikaribia 45 hadi 50 kwa kila uzazi 1,000, na karibu zote za ziada zilikuwa za mayai mawili. Alipima pia ile homoni ya kukomaza mayai na kuikuta juu kwa wanawake waliozaa mapacha. Watu wa Igbo-Ora wenyewe hutaja chakula, hasa viazi vikuu na mchuzi wa majani ya bamia. Nadharia ya viazi vikuu imekuwa ikizungushwa kwa zaidi ya nusu karne bila kuthibitishwa. Mimi ninaishuku, kwa sababu viazi vikuu vinaliwa katika sehemu kubwa sana ya Afrika Magharibi ambako viwango hivyo havionekani. Lakini sidhani kama ni haki kuwacheka wanaoiamini. Wameona jambo la kweli katika mji wao na wametafuta sababu yake kwa kutazama kilicho mbele yao, yaani sufuria.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2016 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka Uholanzi ilitangaza kwamba imepata kwa mara ya kwanza jeni mbili zinazohusiana kwa uhakika na kuzaa mapacha wa mayai mawili. Moja, FSHB, inahusika na utengenezaji wa ile homoni. Nyingine, SMAD3, inahusika na namna ovari zinavyoiitikia. Mwanamke mwenye aina mahususi ya jeni zote mbili ana uwezekano mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 29. Ni kazi nzuri, na imeeleza kwa vipimo kile ambacho bibi zetu walikieleza kwa majina. Ila wanawake waliochunguzwa walikuwa wa Uholanzi, Australia, Marekani na Iceland, wenye asili ya Ulaya. Bara lenye kiwango cha juu kuliko yote duniani halikuwemo, na damu ya wajukuu wa wanawake wale wa Ibadan haikuwemo. Sisemi kwamba Waholanzi walitukosea. Wamekuwa wakitunza rejista ya mapacha wao kwa miongo kadhaa, nasi hatuna.

Au tuseme tunayo, ila hatujui kuisoma. Wajaluo huwaita pacha Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo wakiwa wa kike. Baganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na mama wa mapacha hupandishwa cheo akaitwa Nnalongo. Burundi kuna Bukuru na Butoyi. Wakongo wa bonde la chini la mto wana Nsimba na Nzuzi. Zaidi ya hayo, jamii hizi hazikuishia kwa mapacha wenyewe. Anayewafuata naye hupewa jina: Shija kwetu, Okello kwa Wajaluo, Kizza kwa Baganda, Idowu kwa Wayoruba. Fikiria maana yake. Watu wasiokuwa na daftari wala kalamu waliandika historia ya uzazi wa mwanamke juu ya watoto wake, kwa namna ambayo mjukuu angeweza kuisoma miaka themanini baadaye. Rejista hiyo ina kasoro zake. Siku hizi wapo akina Doto wengi ambao hawana pacha. Wamerithi jina la babu. Wapo na walioficha Kulwa na Doto nyuma ya majina ya kanisani, kama mimi nilivyomficha Shija. Lakini bado ni taarifa, na ni ya bure.

Kwa nini basi tuitake? Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoona mada hii kuwa ya mazungumzo ya kahawa.

Wayoruba, pamoja na kuwaheshimu mapacha, wanajulikana kwa sanamu ndogo za mti ziitwazo ere ibeji. Pacha mmoja akifa, familia ilichongesha sanamu, ikaogeshwa, ikavikwa, ikalishwa, ili aliyeondoka asimvute mwenzake. Leo sanamu hizo zimejaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watalii huzipiga picha kwa uzuri wake. Mimi nikiziona najiuliza swali la kihesabu: zimekuwaje nyingi hivyo? Kila sanamu ni mtoto mmoja aliyekufa. Hata Wasukuma walikuwa na sherehe maalumu za mapacha, mabasa, ambazo Hans Cory aliziandikia mwaka 1944 akiwa Tanganyika. Jamii haiwi na taratibu nzito kiasi hicho kwa jambo jepesi.

Uzito huo haujaisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia takwimu za afya ya uzazi za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba katika miaka ya 2009 hadi 2014, mapacha 213 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Kwa watoto waliozaliwa peke yao idadi ilikuwa takriban 73. Ni mmoja kati ya watano. Na tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa imepanuka, kwa sababu vifo vya watoto wengine vilikuwa vikipungua haraka kuliko vya mapacha. Kulwa na Doto wangu wa miaka ya sabini nilidhani ni wa enzi iliyopita. Kumbe wana wenzao wengi waliozaliwa nikiwa tayari ninafundisha.

Mapacha huzaliwa mapema na wakiwa wadogo. Hata Marekani, zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama yao yuko katika hatari zaidi ya upungufu wa damu, kifafa cha mimba na kutokwa damu baada ya kujifungua. Karibu kila moja ya hatari hizi hupungua iwapo jambo moja litajulikana mapema: kwamba wako wawili. Anayejua hatajifungulia mahali pasipo na chumba cha upasuaji, ataandaa damu, na atapanga nauli na mahali pa kukaa mjini kabla wiki hazijaisha.

Nirudi kwa mdogo wangu. Alianza kliniki mapema, jambo ambalo tunawahimiza wanawake walifanye. Aliulizwa kuhusu mimba zilizopita, kisukari na shinikizo la damu katika ukoo. Kuhusu mapacha hakuulizwa. Mwezi wa sita tumbo lilikuwa kubwa kuliko wiki zake, akaambiwa amekosea tarehe. Alikubali. Mwalimu wa shule ya msingi anayewafundisha watoto kuhesabu alikubali kwamba hawezi kuhesabu miezi yake mwenyewe, kwa sababu aliyemwambia alikuwa amevaa koti jeupe. Simlaumu yule mhudumu. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa inafika nje ya geti, na fomu iliyo mbele yake haikuwa na mahali pa kuandika swali ambalo halikuwemo.

Aliyejua ni Mama. Alikwenda kumsalimia, akamtazama akinyanyuka kwenye kiti, na jioni ile akanipigia simu.

"Shija, hao ni wawili. Tumbo la mmoja halikai hivyo."

"Mama, kliniki wamesema amekosea tarehe."

"Kliniki hawamjui bibi yako."

Sentensi hiyo ningependa ibandikwe mahali fulani wizarani. Tulichanga, akaenda kupimwa kwa altrasaundi akiwa na wiki 30. Walikuwa wawili, na wa mbele ametanguliza makalio. Akahamishiwa hospitali kubwa, akajifungua kwa upasuaji katika wiki ya 35, kilo 2.1 na kilo 1.8, wakakaa siku kumi na moja kifuani kwa mama zao wawili, mdogo wangu akiwa na mmoja na Mama akiwa na mwingine, kwa ule utaratibu wa kangaruu ambao umewaokoa njiti wengi. Mama ana zaidi ya miaka sabini. Alikataa kupokezana na mtu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate kipimo cha altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Najua tuko mbali na hapo katika wilaya nyingi, na sitaki kuwa mhadhiri anayeishi kwa mapendekezo ya Geneva. Lakini swali moja la mdomo halihitaji mashine: je, kwa mama yako au kwa mama wa baba yako kuna mapacha? Anayejibu ndiyo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 35, au mwenye tumbo lililotangulia wiki zake, awe wa kwanza kwenye foleni ya mashine iliyopo, hata kama iko makao makuu ya mkoa. Naomba mzingatie ile nusu ya pili ya swali. Binti yangu akiulizwa kuhusu mama yake tu, jibu litakuwa hapana, na litakuwa jibu sahihi kwa swali lililokosewa.

Ipo pia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwanamke aliyejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 iwapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ni vyema kwamba waliotunga sheria waliwakumbuka mapacha. Lakini tutoe: mtoto wa pili amethaminiwa kwa siku 16. Baba amepewa angalau siku 3, wawe mmoja au wawili. Shemeji, yule dume, aliitumia ya kwanza kutafuta damu na ya pili kutafuta nauli. Ya tatu alilala. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewafikiria akina mama wa watoto njiti, na kwa kuwa mapacha wengi ni njiti, wengine watafaidika kupitia mlango huo. Nashukuru, ingawa ningependa waingie kwa mlango wao. Na tusisahau kwamba wengi wa mama zetu ni wakulima na mama lishe, ambao sheria hii haijawahi kuwapa hata siku moja. Kwao msaada pekee utatoka kliniki, ndiyo maana ninaing'ang'ania kliniki.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia urithi ni kuwapa wanaume sababu mpya ya kuchagua na kubagua wake. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu tayari yanafanyika. Namfahamu kijana aliyeshauriwa na wajomba zake aoe katika ukoo fulani kwa sababu "wanazaa wawili wawili", kana kwamba anachagua mbegu ya mahindi. Nimeonyeshwa pia na wanafunzi matangazo ya simuni ya watu wanaouza vidonge vya kupevusha mayai kwa wanawake wasio na tatizo lolote la uzazi, wanaotaka tu mapacha wa kupiga nao picha. Dawa hizo zipo kwa ajili ya wagonjwa, na huongeza mapacha hadi kiasi cha mimba 5 hadi 10 katika kila 100. Pia huleta watatu, na huumiza ovari zikitumika bila uangalizi. Anayeziuza haonyeshi wodi ya njiti. Lakini ujinga wa urithi haujamlinda mwanamke hata mmoja dhidi ya wajomba wa namna ile. Umemfanya tu apewe pole pale alipostahili hongera, na aambiwe amekosea tarehe pale alipokuwa sahihi.

Kabla sijaondoka Mwanza niliingia chumbani kuaga. Mama alikuwa amempakata Doto, mdogo wangu amempakata Kulwa. Nikampa mdogo wangu mkono, rasmi kabisa, kama wale kumi na watatu walivyofanya sebuleni, nikamwambia hongera. Akacheka mpaka akashika mshono. Mama akauliza, nusu kwa utani, ni lini atamletea Shija wa kuwafuata hawa.

"Shija hatakuwepo, Mama," akasema mdogo wangu. "Anatosha huyu mjomba wao."

Mama akanitazama kwa muda, kisha akamgeuza Doto upande wa pili na kuendelea kumpapasa mgongo.